Ukoko wa Samli

Sahani ya bati haipasuki. Ikirushwa ukutani inabonyea, rangi inabanduka, halafu inaokotwa, inaoshwa na kupakuliwa tena. Kwetu zote zilikuwa zimebonyea, na niliweza kukuambia ipi ilibonyea kwa sababu gani: hii mchicha uliungua, ile ugali ulichelewa, ile pale hakuna sababu yoyote, baba alirudi tu na hasira zake. Lakini sahani moja ya kijani ilimpata mama kwenye mfupa wa shavu, na bonde lililobaki lilikuwa na umbo la shavu lenyewe. Hiyo ilirushwa siku ya kwanza ya chakula kisicho na chumvi. Hatukuitupa, tuliendelea kuilia.

Baba alikuwa na bucha mtaa wa Kashaulili, jirani na soko. Alikuwa mnene wa shingo, mwenye mikono ya kupasulia mifupa, na watu walimpenda kwa sababu alikuwa mcheshi kwa wateja. Ucheshi wote aliumalizia huko. Nyumbani tulipata kilichobaki: mkanda, fimbo ya kuswagia ng'ombe, ngumi, na mara moja kwato la ng'ombe lililokuwa limeletwa kwa ajili ya supu. Sipambi. Wake wengi wa mtaa wetu walipigwa, na watoto pia, na majirani waliosikia kelele waliongeza sauti ya redio.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Asubuhi moja baba alikuwa ameinua shoka apasue paja la ng'ombe, akaanguka palepale kwenye gogo. Damu zilimtoka puani hadi wateja wakadhani kajikata. Hospitali wakampima, wakasema presha imepanda mno na ana bahati kuwa hai. Daktari akatoa makatazo yake: chumvi asiguse, nyama ya mafuta asiguse, mawese asiguse, pombe asiguse. Hebu fikiria mwenye bucha anakatazwa nyama. Na yote hayo alimwambia mama, siyo baba. Alimwambia kuwa uhai wa mumewe uko kwenye mwiko wake wa kupikia. Baba alikuwa kalala kafumba macho, lakini alisikia, na naamini ugomvi mpya ulizaliwa pale. Uhai wake umekabidhiwa kwa mtu ambaye yeye amezoea kumpiga. Nani angependa?

Mama aliuliza swali moja tu: mboga ataiunga na nini. Mafuta ya dukani baba alikuwa hayataki, alisema yananuka mafuta ya taa. Karanga zilimpa kiungulia. Daktari alifikiri kidogo, akasema kama ana samli safi, kijiko kimoja cha chai kinatosha, ilimradi isiwe na chumvi. Mama alirudi nyumbani akiyarudiarudia maneno hayo njia nzima. Jioni hiyo, kabla hajapata samli yoyote, alipika matembele yaliyochemshwa kwa maji matupu, na ndipo sahani ya kijani ikaruka.

Niseme kwa nini mama alijali, maana mimi sikujali. Nilikuwa msichana wa darasa la sita na nilikuwa nimeshamzika baba kichwani mwangu mara nyingi. Mama hakuwa na anasa hiyo. Baba alikuwa na dada yake mkubwa, shangazi yetu, muuza samaki wakavu sokoni, mwanamke mwenye sauti ya kuamshia wafu. Shangazi alipoonja mboga ya mama isiyo na chumvi alitema mbele ya watu, akasema chakula kisicho na chumvi ni cha misukule. Kwetu kila mtu alijua habari hiyo: mtu aliyechukuliwa msukule halishwi chumvi, kwa sababu akiionja tu akili zinamrudia. Kisha shangazi akatamka kwa utulivu, jambo ambalo kwake lilikuwa la hatari kuliko kelele:

"Kaka yangu akifa kwenye nyumba hii, sitauliza nani kamuua."

Maana yake ilikuwa wazi. Baba akifa, ndugu zake wangemtoa mama ndani ya nyumba na jina la uchawi mgongoni, na mwaka ule, katika vijiji vyetu, jina hilo lilikuwa linamletea mtu panga. Kwa hiyo mama alikuwa na njia mbili. Akimpa baba chumvi atakufa, na yeye atauawa au kufukuzwa. Asipompa, atapigwa kila mlo. Alichagua kupigwa. Nilipomuuliza kwa nini asitutoroshe kwa wazazi wake Sibwesa, alinijibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Nilimwambia nundu haimchapi ng'ombe. Alinichapa kibao kwa jibu hilo.

Basi tukaanza kutafuta siagi.

Sokoni ilikuwepo. Kulikuwa na siagi ya kopo, ya njano ya kupaka mkate, na hiyo mama hakuigusa kwa sababu ukiichemsha haitoi samli, inabaki uji wa ajabu. Kulikuwa na siagi ya wachuuzi, iliyonunuliwa kwa wafugaji na kukaa kwenye ndoo mpaka iuzwe. Ili isioze waliikanda na chumvi ya Uvinza, ile ya kijivu yenye unyevu, inayolowesha hata gunia. Mama alichota kidogo kwa ukucha, akaweka ulimini, akatema. Muuzaji aliapa kwa watoto wake kwamba hakuna chumvi. Mama alimuuliza kama watoto hao anawapenda, wakaanza kutukanana, na tukaondoka huku mwanamke yule akitufuata kwa matusi hadi mwisho wa vibanda.

Kwa hiyo tukaenda kijiji cha Magamba kwa miguu. Huko kulikuwa na boma la Wasukuma waliohama na ng'ombe kutoka kaskazini, na katika boma lile kulikuwa na mwanamke aliyesuka maziwa kila alfajiri. Alikipakata kibuyu mapajani, akakipiga huku na huku kwa nguvu, jasho linamtiririka, mpaka mlio wa ndani ukabadilika kutoka maji kuwa kitu kizito. Kibuyu kilikuwa kimesuuzwa kwa mkojo wa ng'ombe na kufukizwa moshi, kama wafugaji wafanyavyo, na mwenye kinyaa alikuwa huru kubaki na mawese yake. Mama hakuwa na kinyaa. Aliibonyeza siagi kwa dole gumba na kutazama matone yanayotoka: yakiwa meupe, maziwa bado yamo na samli itawahi kuchacha, yakiwa maangavu, siagi imeoshwa vizuri. Aliinusa. Aliilamba. Wakati wa masika ilikuwa ya njano kwa sababu ya majani mabichi, kiangazi ilikuwa nyeupe na haba. Lakini chumvi haikuwemo, na hilo ndilo lililotufikisha kule kila mara.

Samli ile ilituletea nafuu. Mama aliichemsha kwa moto mdogo, povu likapanda, akaliengua, akangoja hadi harufu ya karanga za kukaanga ijae jikoni, akachuja kwa kitambaa na kuiweka kwenye chupa. Chini ya sufuria ulibaki ukoko, punje za kahawia, laini, ambazo sisi watoto tuligombania kwa tonge la ugali. Baba aliuita uchafu wa watoto. Alikula kijiko chake cha samli juu ya mboga, akalalamika, akatukana, lakini mikono ilipumzika. Alimpiga mama kwa mambo ya zamani tu, si kwa chakula. Ukiishi na mtu wa namna ile, unajifunza kuita hiyo amani.

Haikudumu. Msimu wa mahindi kukomaa, ng'ombe wa Magamba waliingia shambani kwa watu. Sijui wachungaji walilala au walikusudia, na kila upande ulikuwa na hadithi yake. Asubuhi tulipofika tulikuta wakulima wamekwisha kupita na mapanga. Ng'ombe wawili walikuwa wamekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, wamekaa kama mbwa, wanajaribu kusimama na kuanguka, wanajaribu na kuanguka, na macho yao yalikuwa makubwa sana. Kibuyu kilikuwa kimepasuliwa, maziwa yametengeneza tope jeupe. Yule mwanamke alikaa kando yake, mkono umefungwa kanga iliyolowa damu. Panga lilikusudiwa kichwa, alikinga. Mama alimpa pole. Mwanamke akasema:

"Waliotupiga ni wale wale wanaonunua maziwa yetu. Leo siagi hakuna, dada. Hata kesho."

Mama alichana kanga nyingine, akamfunga mkono upya, nami nikatumwa kuchota maji. Kabla hatujaondoka, tuliona watu wawili wanakuja na mkokoteni. Walitumwa na baba. Mwenye bucha akisikia ng'ombe kavunjika, halali, na ng'ombe asiyeweza kusimama huuzwa kwa bei ya huruma. Mchana ule ule nyama ya Magamba ilining'inia Kashaulili, na baadhi ya walioinunua, baba alisimulia akicheka, walikuwa na matope ya Magamba kwenye viatu. Nilimchukia hadi mdomo ukawa mchungu.

Boma lilihama na mifugo iliyobaki, na mama akabaki na siagi ya ndoo ya sokoni.

Nakumbuka siku aliyoichemsha mara ya kwanza. Alifanya yote kama kawaida, akachuja mara mbili, akamimina kwenye chupa. Kisha akachovya kijiti na kunipa nionje. Nilionja. Nikamwambia haina chumvi. Alidhani namdanganya, akaonja mwenyewe, akaonja tena. Ndipo akakwangua ukoko chini ya sufuria na kuuweka ulimini, na uso wake ukakunjuka. Chumvi yote ilikuwa kule chini. Mafuta yalikuwa yameikataa, ikazama na kukaa na ukoko, kali, tamu, ya kukufanya ufumbe macho. Mama alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake kwa muda mrefu kiasi kwamba nilishtuka.

Samli ilikuwa salama, lakini sasa kulikuwa na chumvi ndani ya nyumba iliyofukuza chumvi. Tangu daktari aseme, mama alikuwa ameondoa hata punje, sote tukila chapwa pamoja na baba ili asipate sababu. Akaogopa ukoko ule. Alitugawia sisi watoto haraka haraka nyuma ya jiko, na uliobaki akaufukia nyuma ya choo. Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa kipindi: samli kwa baba, ukoko kwa siri, na koleo la kufukia mabaki.

Shangazi alikuja siku ambayo hatukumtarajia. Mama alikuwa amekwenda kisimani, sufuria iko chini, samli imechujwa, ukoko haujakwanguliwa. Shangazi alikuwa na tabia ya kufunua vyungu vya watu. Alichovya kidole, akalamba, akasimama pale akimung'unya mdomo. Sikuthubutu kumnyang'anya. Aliondoka bila kuaga, na kitenge chake kilipiga kelele kwa mwendo wake.

Nilimweleza mama aliporudi. Alitua ndoo, akakaa juu ya kinu kilicholala, akasema tu kwamba afadhali achemshe siagi iliyobaki kabla haijaharibika. Ndivyo alivyokuwa. Nyumba ingeungua, yeye angeanua nguo kwanza. Aliinjika sufuria, siagi ikayeyuka, povu likapanda, na samli ilikuwa imeanza kuwa angavu tulipomsikia baba getini. Alikuwa amekuja kutoka buchani na aproni yake ya damu. Shangazi alikuwa nyuma yake. Ngumi ya kulia ya baba ilikuwa imefumba kitu, na maji ya kijivu yalikuwa yanadondoka kati ya vidole. Alikuwa amepitia kwenye gunia la chumvi la dada yake.

"Unakula chumvi na watoto wako," baba alisema. "Mimi unanilisha kama maiti."

Mama hakurudi nyuma. Alisimama kati yake na jiko, na mwiko mkononi, na akasema maneno ambayo ninayakumbuka kwa sababu alizoea kunyamaza:

"Ukitaka kufa, kafie kwa dada yako. Kwangu hutafia."

Baba alimsukuma pembeni na kuitupa ile chumvi yote, mbichi, yenye maji, ndani ya samli iliyokuwa inachemka.

Mtu asiyewahi kuona maji yakiingia kwenye mafuta ya moto hawezi kuelewa. Samli haikumwagika, ililipuka. Iliruka juu kwa kishindo ikashuka shingoni na kifuani kwa mama, na mkononi kwa baba pia, na nyingine ikaingia motoni, moto ukapanda hadi kwenye makuti. Mama alilia mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu. Nilikuwa nimeusikia mara moja tu, kwa wale ng'ombe. Alijishika shingo, na ngozi ikaja na vidole vyake.

Na baba hakuacha. Hapo ndipo penye kisa changu na yeye, na sijawahi kumsamehe, na sitaki mtu aniombe nimsamehe. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeungua na uchungu ule aliupeleka kwa mama. Alimpiga akiwa anaanguka na akampiga akiwa chini, huku shangazi akisema basi, basi kaka, basi, kwa sauti ya mtu anayekataza kuku kula mtama. Mimi nilichukua mchi. Mchi wa kinu ni mzito kwa msichana, lakini siku ile ulikuwa mwepesi. Nilimpiga mgongoni, nikainua tena, nikampiga begani. Aligeuka. Alinipiga ngumi moja, na jino la mbele lililotoka siku ile sikulipata, hata nilipolitafuta kwenye majivu. Mpaka leo nikicheka watu wanaona pengo, wananitania kwamba nilikuwa mla miwa. Nawaacha waamini hivyo.

Majirani waliingia hatimaye, kwa sababu ya moto, siyo kwa sababu ya mama. Moto unahama nyumba hadi nyumba.

Mama alilazwa kwa wiki nyingi. Nilikuwa nampelekea uji na kumfukuza nzi. Jikoni kwetu akahamia shangazi, na nyumba ikarudi kuwa na ladha. Alipika migebuka, samaki wa chumvi kutoka ziwani, akaiunga kwa mawese mekundu. Alinunua siagi ya ndoo, akaichemsha ovyo, na ukoko wote akampakulia baba juu ya ugali. Baba alinenepa. Alimwambia kila mteja kwamba sasa anakula kama mtu, na wateja walikuja kula naye, na soko zima lilimwona akilamba vidole kwenye meza ya dada yake. Mkono uliokuwa umeungua ulipona vizuri. Mara moja tu alimtumia mama salamu hospitalini, kupitia kwangu, kwamba akirudi ajifunze kupika kwa wifi yake. Sikuzifikisha.

Alianguka tena kwenye gogo lile lile. Safari hii shoka lilikuwa limekwisha shuka, likakwama kwenye mfupa, na yeye akashuka nalo. Upande wa kulia ulikufa: mguu, mkono, nusu ya uso. Ulimi ulibaki mdomoni kama kipande cha nyama ya mtu mwingine. Alijaribu kumtukana aliyemwinua, ukatoka mlio tu. Mkono ule wa kulia nilikuwa naujua vizuri kuliko mikono yangu. Nilikaa na kuutazama ulivyolala juu ya shuka, umefunguka, haufumbi. Nilisikia raha na nikaiacha raha ikae.

Shangazi alimuuguza mpaka siku mama aliporuhusiwa. Alimpokea mlangoni, akamwambia, "Wifi, mumeo yule," akabeba kapu lake la samaki. Lile neno lake la nani kamuua hakulisema tena. Angelisemaje? Soko zima lilijua baba alianguka akiwa anakula kwenye sahani ya nani.

Mama alikuwa amerudi na shingo iliyokazwa na kovu, hawezi kugeuza kichwa bila kugeuza mwili wote. Nilimwomba twende Sibwesa. Nilikuwa nimefunga hata nguo. Aliniambia nizifungue, halafu akaniuliza kama sokoni kuna siagi.

Ilikuwepo. Wafugaji wengine walikuwa wamefika Magamba, na asubuhi ile wanawake wao walikuwa wamekaa Kashaulili na vibuyu, siagi ya alfajiri, ya njano, haijaguswa na chumvi. Nilifurahi, nikaikimbiza nyumbani kabla jua halijaiyeyusha. Mama aliibonyeza kwa dole gumba, akatazama matone. Aliinusa, akailamba. Akasema ni siagi nzuri sana, haijapata kutokea. Halafu akaifunga tena kwenye jani lake.

"Irudishe," alisema. "Niletee ile ya chumvi."

Niliirudisha. Njiani nilielewa kwamba mama ameamua kumuua baba, na sikusimama kumwomba Mungu wala kufikiri mara mbili. Nilichagua ndoo yenye chumvi nyingi kuliko zote. Muuzaji, yule yule aliyetutukana zamani, alishangaa nilivyoionja na kusema chumvi iongezwe.

Mama aliichemsha kwa subira yake ya siku zote. Aliengua povu. Alichuja kwa kitambaa, akakunja kitambaa mara ya pili, akachuja tena. Akanipa nionje. Haikuwa na chumvi hata chembe. Nilimtazama nikiwa sielewi, karibu na kukasirika. Alipima kijiko kimoja cha chai, kama daktari alivyosema, akakimimina juu ya matembele ya baba, akapondaponda na ugali laini na kwenda kumlisha. Alimlisha vizuri. Alimfuta mdomo, akamngojea ameze, akamgeuza asilale upande mmoja.

Alipomaliza alirudi jikoni, akakwangua ukoko wote wa chini, ule wa kahawia wenye chumvi, na kuuweka kwenye sahani ya kijani yenye bonde la shavu lake. Akachukua ugali wa moto na kigoda. Akaenda kukaa mbele ya kitanda, karibu kabisa, mahali ambapo harufu inafika, na kwa kuwa shingo yake ilikuwa haigeuki, alimtazama baba moja kwa moja usoni. Alimega tonge. Alilibonyeza kwa dole gumba, akachota ukoko, akala. Alikula polepole, na sauti ya kutafuna ilisikika. Mate yalimtoka baba kwenye pembe ya mdomo iliyolegea. Mkono wa kushoto ulianza kupapasa shuka, ukanyooka kuelekea kwenye sahani, usiifikie.

"Hii siyo yako, baba watoto," mama alimwambia. "Daktari kakukataza."

Alikunywa maji, akalamba vidole, akaosha sahani.

Tangu siku ile hatukununua tena siagi ya Magamba. Kila samli ilipokwisha nilitumwa kuleta ile ya ndoo, na kila ilipochemshwa mama alichukua kigoda. Watoto tulipewa ukoko wetu jikoni, lakini wake aliulia kule. Hakuwahi kumpiga baba. Hakuwahi kumtukana wala kumlaza na uchafu. Presha ilishuka na kubaki chini, na kila mganga na daktari aliyempima alishangaa mwili ulivyotunzwa. Kwa matunzo hayo baba aliishi miaka mingi kuliko walivyotabiri, akiwa na akili zake zote na pua yake yote.

Alikufa kwa amani, walivyosema watu. Msibani, shangazi alisimama mbele ya ukoo mzima na kulia, akasema katika maisha yake hajaona mke aliyemtunza mume kama wifi yake huyu. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mama aligeuza mwili wote kumtazama, akamshukuru, akampakulia chakula kwa mkono wake, na akamsogezea kibakuli cha chumvi.